Kulipia Miguu Yangu Mwenyewe

Mimi ni mtu wa Lamu, mzaliwa wa Mkomani. Tangu nijue kusimama nakwenda kwa miguu, maana gari hazipiti mjini kwetu. Vichochoro vyenyewe, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Sasa niambieni, mtu kama mimi alipiwe shilingi 2,500 akatembezwe?

Mpwa wangu ndiye aliyeniandikisha. "Mjomba, tamasha la matembezi! Kuna kiongozi, kuna fulana, kuna cheti. Na presha yako itashuka." Presha ilipanda pale pale aliponitajia bei. Lakini pesa kishatoa, na mtoto wa dada humwambii zawadi yake huitaki.

Basi alfajiri hiyo Mkunguni, mbele ya ngome. Tukaambiwa kwanza tunyooshe viungo. Wazee wote wa baraza wako pale na vikombe vyao vya kahawa chungu, na mimi na kitambi changu nasimama mguu mmoja narukaruka. Mzee mmoja akapaza sauti, "Bwana, askari siku hizi waandikwa na vitambi?" Kicheko kile bado chanifuata mpaka msikitini.

Wageni wa Nairobi nao, kila mmoja begi mgongoni lina mpira wa kunyonyea maji, na mkononi bakora mbili. Mtu ana macho, ana miguu mizima, bakora mbili! Babu yangu alishika moja, na alikuwa kipofu.

Sasa ratiba. Iliandikwa na bwana mmoja mwenye kompyuta: saa moja kamili, kuondoka kwa njia ya ufuoni hadi Shela. Mwendo si mrefu, kilomita tatu hivi. Lakini bahari haina habari na kompyuta, yaenda kwa mwezi, na saa moja ya siku ile maji yalikuwa yamejaa mpaka ukutani. Mtoto yeyote wa chuoni hapa angewaambia wangoje yapwe. Nikasema. Kiongozi, kijana wa mtaani kwetu niliyemuona akikimbia uchi mvuani, akanijibu kwa adabu, "Ami, tufuate ratiba." Tukafuata. Viatu vya mlimani vya wageni, vile vya kufunga mpaka juu ya kifundo, vikajaa maji vikawa vyalia kwacha, kwacha, hadi Shela. Mimi kandambili mkononi, kikoi nimekipandisha magotini.

Kule kwenye vilima vya mchanga kijana akatusimamisha juani kutusimulia vita vya Shela, vya miaka ya 1810. Mazrui, watawala wa Mombasa, na wenzao wa kisiwa cha Pate walikuja kutupiga, wakazidiwa, wakakimbilia majahazi yao, kumbe maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Waliuawa pale pale ufuoni. Alisimulia vizuri, haki yake nampa, na wageni wakawa wanaandika. Na bwana wa ratiba kasimama kando, aitikia kwa kichwa!

Kisha akatueleza kuwa tumesimama juu ya maji ya mji. Mvua hunywewa na mchanga huu, ikatulia chini, na visima vya Shela ndivyo vinavyoinywesha Lamu, ndiyo maana watu hupiga kelele wakiona mtu ataka kujenga juu ya vilima. Hilo ni kweli tupu, na lingefaa kuhubiriwa kila siku. Ila mimi koo limekauka, maji ya mji mzima yako chini ya nyayo zangu, na chupa ndogo waniuzia shilingi 150 haohao walioniuzia tiketi.

Kutoka hapo ni ufuo, kilomita 12, mchanga mtupu. Zile bakora zikawa zazama, kila hatua mtu azing'oa kama avuna muhogo. Akatupita kijana na punda wake, hana fulana, hana nambari, hana kiongozi. Akanitazama kifuani. "Mjomba, na mshindi apewa nini?" Sikumjibu.

Saa saba tukafika Kipungani, ambako mashua ilikuwa itungoje turudi mjini. Kungoja ilingoja. Imelala ubavu kwenye tope la mikokoni, na nahodha amelala ndani yake kajifunika kilemba.

"Vipi?"

"Yamekupwa."

"Yatarudi lini?"

"Ngojeni alasiri."

Bwana wa ratiba akafungua simu, akaifunga, akaifungua tena. Kina mama waliokuwa wakisuka mikeka kivulini wakajifunika nyuso kwa leso, mabega yanatikisika. Mgeni mmoja, yule aliyeandika sana kule Shela, akaninong'oneza, "Mzee, hao watu wa Mombasa walikosea hivihivi?"

"Hivihivi," nikasema. "Ila wao hawakuuziwa tiketi."

Maji yaliporudi, nahodha akadai nauli ya ziada, kwani alikodiwa mpaka adhuhuri tu. Wageni 500, wenyeji 100. Nikamnyoshea mia yangu. Akaitazama kofia, akaitazama fulana, akaitazama nambari.

"Mgeni ni mia tano."

"Wewe! Mimi na babako tumesoma chuo kimoja!"

"Wewe nakujua, ami. Fulana ndiyo siijui."

Nikaivua pale pale, kitambi nje, mbele ya Nairobi nzima.