Kikoa kilichowekwa kwenye mipangilio si uvivu

Programu ya wavuti inapotaka kiungo kamili, kile kinachoanza na https na jina la kikoa (anwani ya tovuti, kama mfano.com), ilipate wapi jina hilo? Ilisome kwenye mipangilio, au kwenye ombi lililoingia, yaani ujumbe unaotumwa kwa seva kuomba ukurasa? Waandaaji programu wengi huiona njia ya kwanza kuwa ya wanagenzi. Nadhani hawaitendei haki.

Malalamiko yao yana msingi. Aliyewahi kuhamisha tovuti ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, anajua adha yake: anwani ya zamani imo kwenye hifadhidata, na makala zimejaa picha zilizobeba jina hilo. Nakala ya majaribio nayo humtupa mtu kwenye tovuti halisi bila yeye kujua.

Lakini jina linalosomwa kwenye ombi huandikwa na nani? Na mtumaji mwenyewe. Kichwa cha ombi kiitwacho Host, sehemu inayotaja kikoa kinachotafutwa, hujazwa na kivinjari, au na yeyote mwenye curl, programu ya kutuma maombi kwa amri, na anaweza kutia humo apendalo. Chukua fomu ya kubadili nenosiri lililosahaulika. Mshambuliaji anajaza barua pepe yako, na kwenye Host anaweka kikoa chake. Programu inatengeneza tokeni halali, yaani msimbo wa siri unaoruhusu kuweka nenosiri jipya, na kuibandika kwenye kiungo chenye kikoa hicho. Barua inatoka kwenye seva halisi, kwa anwani uliyoizoea. Utashuku nini? Ukibonyeza, tokeni imefika kwake, naye anakwenda nayo kwenye tovuti ya kweli kuweka nenosiri jipya. Hata usipobonyeza, vipo vichujio vya barua pepe vinavyofungua viungo vyenyewe ili kuvikagua.

Django, mfumo wa kujengea programu za wavuti, ilitoa marekebisho ya kasoro za aina hii mwaka 2012, na toleo la 1.5 la 2013 likaja na ALLOWED_HOSTS, orodha ya majina yanayokubaliwa. Orodha hiyo ni kinga nzuri, mpaka mtu aliyechoshwa na ujumbe wa makosa aandike nyota moja inayoruhusu kila jina.

Kazi zinazoendeshwa usiku na cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa iliyopangwa, kama kutuma ankara, hazina ombi lolote la kusomwa. Ndiyo maana Rails, mfumo mwingine kama Django, hudai barua pepe zitajiwe kikoa waziwazi.

Mfumo wenye wateja wengi, kila mmoja na kikoa chake, uhifadhi jina la kila mteja kwenye rekodi yake. Kurasa zenyewe zitumie njia inayoanza na mkwaju, bila kikoa, na kila seva, ya majaribio na ya kweli, iwe na mipangilio yake.