Ardhi Yangu, Mnazi wa Ami

Asubuhi ya leo nimefungua mlango wa nyuma, mswaki mdomoni, nikakutana uso kwa uso na mbuzi. Yumo ndani ya ua. Ua wenyewe una siku nne. Anatafuna kisamvu changu taratibu kama mgeni aliyekaribishwa, na aliponiona hakukimbia. Alinitazama tu, akavuta jani jengine.

Mbuzi wa nani? Msinichekeshe. Mbuzi wa mtaa huu hana mwenyewe mpaka agongwe na gari. Hapo ndipo wanapotokea wenyewe watatu, na mmoja wao analia.

Mimi ni mtu mzima. Nina mke, nina watoto, nina kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, nikipita barazani naamkiwa. Nikaona mtu wa hadhi yangu hawezi kukaa kweupe kama dagaa walioanikwa. Fundi akanitajia bei yake. Nikamshukuru kwa heshima zote, nikamwambia nitajenga mwenyewe. Kwani kuna nini? Unachimba shimo, unatia mti, unarudisha udongo.

Hesabu niliipiga nyuma ya kikaratasi cha tukuza, risiti ya umeme. Mzunguko futi 200, nguzo kila futi 6, basi nguzo 34. Muuza miti wa Wete anauza kwa korija na korija haigawi, nikachukua mbili, miti 40. Boriti za mkandaa nilizisalimia kwa mbali tu, nikaangukia kwenye mivinje. Muuzaji akaapa kwamba mvinje wake mchwa wakiuona wanageuza njia. Mchwa wa Pemba hawa hawa! Nikazipaka nguzo oili chafu miguuni, nikaharibu na suruali ya kazini. Gari ya ng'ombe ikashusha mzigo chini ya kilima, maana ng'ombe alikataa kupanda na mwenye ng'ombe akakubaliana naye. Miti sita iliyozidi, asubuhi ilikuwa minne, jioni miwili. Hiyo miwili sasa inalala chumbani na sisi.

Kuchimba sisimulii. Kila aliyepita alisimama kunisomesha. Futi mbili haitoshi, futi mbili imezidi, shindilia na kokoto, usitie kokoto. Aliyenishikia mtaimbo hakuna.

Siku ya tatu nguzo zimesimama, fito nimezifunga kwa kamba ya usumba, makumba ya makuti yamepangwa, mwenyewe narudi nyuma hatua tatu kutazama. Ndipo akaja Ami.

Ami si ami yangu kwa nasaba, ni ami wa mtaa mzima. Alikuja na bakora yake, akauzunguka ua mara mbili bila ya kusema kitu. Mara ya pili akasimama mbele ya mnazi.

"Mnazi umeufungia ndani."

"Ndiyo Ami, umo katika kiwanja changu."

"Kiwanja chako," akasema. "Mnazi wangu."

Nikakimbilia hati ya mauziano. Hati inataja ardhi, inataja na mwembe mmoja, ambao ulishaanguka zamani. Mnazi haumo. Nanyi mnayajua mambo yetu: ardhi ya huyu, mti wa yule, kivuli cha wote.

"Sasa mkwezi wangu atapita wapi?"

"Atabisha hodi, Ami."

"Mkwezi wangu anakuja alfajiri. Abishe hodi alfajiri nyumba yenye mke wa mtu?"

Hapo nikakosa jawabu. Nikajaribu kwengine, nikamwambia nazi zikianguka nitamrushia upande wa pili.

"Nazi zangu zirushwe?" Utadhani nimesema nitawarusha wajukuu zake.

Kisha akanyoosha mkono, akalishika kumba moja, akalipapasa kama anayechagua kitambaa dukani.

"Makumba haya umenunua wapi?"

Jamani. Yale makuti yalianguka humu humu, chini ya mnazi huo huo, nikayaokota, mamamkwe akayapasua na kuyasuka. Sikuona kosa. Kuti limeanguka, limelala chini, linaliwa na mvua! Lakini Ami alishaanza kuhesabu kwa ncha ya bakora, mbele ya baraza nzima iliyokwisha kuhamia kwangu pamoja na muuza kahawa. Alifika 22.

"Kuti moja linatoa makumba mawili. Basi makuti yangu kumi na moja, na ule upande wa choo sijaufika."

Mmoja akasema kuti lililoanguka ni la aliyeliokota. Mwengine akasema hilo ni kuti, je, hilo la kusukwa? Wa tatu akaniuliza mivinje nimenunua kiasi gani. Vikombe vinagongana, kashata zinaliwa, na ugomvi ni wangu.

"Basi niubomoe, Ami? Niubomoe?" Sauti ikanipanda, wallahi sikukusudia. "Mashimo thelathini na nne nimechimba kwa mikono hii! Mgongo hauinuki, nasali nimekaa kwenye kiti kama mzee wa miaka themanini, na hakuna hata mmoja wenu aliyenishikia kamba!"

Kimya. Muuza kahawa akanimiminia kikombe, bure.

"Mwanangu," Ami akasema kwa upole, "nani kakwambia ubomoe? Toa nafasi tu. Futi tatu."

"Nitatia mlango."

"Ukiufunga, mkwezi ataruka?"

Kwa hiyo ninao ua wa futi 197. Futi tatu zilizobaki zinatazamana sawasawa na mlango wa choo. Mkwezi hajafika hata siku moja. Wanapita watoto wa chuo cha Kurani wakikatiza njia, amepita muuza kahawa, anapita mbuzi.

Na usiku wa jana imeanguka nazi, puu! Nikatoka na tochi, nikaiokota, nikaificha nyuma ya ndoo za maji. Ami akiiuliza, nitajua la kusema. Mke wangu kakubali kuipikia wali leo leo ili ushahidi uondoke, nazi tumeshaifua, mchele umeshachaguliwa, ndipo akaniuliza mbuzi yuko wapi. Nikamwambia yuko nje anamalizia kisamvu.

"Mbuzi wa kukunia nazi," akasema.

Huyo jirani kamwazima tangu Ramadhani.