Unaambiwa utupe pakti, sasa sisi wa fegi moja moja tutupe nini?

Kila ushauri wa kuacha sigara ninaokutana nao mtandaoni unaanza vilevile, tupa pakti yako leo. Haya. Mimi nimevuta miaka kumi na nne na sidhani kama nimewahi kumiliki pakti zima zaidi ya mara tano, na hizo zenyewe za sikukuu. Fegi ya uswahilini inanunuliwa moja moja bwana, unasimama dirishani kwa Mangi mwenye duka unapitisha hela kwenye nondo wala husemi kitu, anakupa moja, kiberiti kipo palepale juu ya ndoo ya mafuta ya taa, unawasha unaondoka. Kwa hiyo stoku yangu haikuwa mfukoni, ilikuwa barabarani, kwa Mangi, kwa muuza kahawa, kwa yule mama wa stendi mwenye sinia la pipi na karanga na fegi. Nitupe nini hapo, nimtupe Mangi?

Ndo maana mi nikiulizwa nasema kwanza badilisha njia, mengine baadaye. Naongelea njia ya miguu kabisa. Mimi ni fundi simu Kariakoo, na kutoka kwangu mpaka stendi ya daladala kuna sehemu tatu ambazo mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe. Nikaanza kupita nyuma, kwenye uchochoro wa msikiti, njia ndefu na ina matope kipindi cha mvua, nikapita huko karibu mwezi na nusu. Mangi nilimfuata nikamwambia kabisa, nimeacha, ukiniuzia fegi tena lile deni la unga usahau. Akacheka sana. Ila hakuniuzia.

Washkaji wengi wanaamini kwenye kupunguza, leo kumi kesho nane wiki ijayo tano. Mi nilipunguza miaka mitatu mzee. Ukipunguza ile moja inayobaki inakuwa tamu kuliko zote, unaisubiri kama mshahara, na unaivuta kwa hasira mpaka kipisi kinakuunguza vidole. Baadae nikasoma utafiti mmoja wa Uingereza uliotoka 2016, watu karibu 700, nusu waliacha ghafla siku moja na nusu walipunguza kidogo kidogo wiki mbili ndo wakaacha, wote wakipewa plasta za kubandika zenye nikotini, ile kemikali ya kwenye fegi inayokufanya uitamani. Baada ya miezi sita, walioacha ghafla waliokuwa bado hawavuti ni 22 kwa kila mia, wale wa kupunguza kama 15 hivi. Sasa tazama hiyo namba vizuri, hata kundi lililofanya vizuri watu 78 kwenye mia walirudi au hawakuweza kuacha, na hao wana plasta na wahudumu wa kuwafuatilia. Kwa hiyo mtu akikwambia umeshindwa kwa sababu huna msimamo, mpuuze.

Halafu kuna jambo la Ramadhani ambalo linaniumaga kila nikilikumbuka. Dar unafunga masaa kama kumi na tatu, huvuti, na hufi. Nikotini nusu yake inaondoka kwenye damu kila baada ya masaa kama mawili, yaani adhana ya magharibi inapoadhiniwa mwili wako umeshajisafisha sehemu kubwa tu, ugumu wa mwanzo umeupita bure kabisa ukiwa unamsubiri Mola. Alafu tunafanya nini? Kokwa ya tende bado iko mdomoni mtu yuko nje ya uzio anapuliza! Mimi nilikuwa nafuturu kwa fegi kabla ya uji, na ile ya kwanza inakupiga kizunguzungu unashika ukuta, unaiona raha kumbe ni sumu imekukuta tumbo tupu. Miaka yote hiyo nilipewa mwezi mzima wa mazoezi nikawa kila jioni naanza upya.

Mwisho nilichagua ijumaa moja tu ya kawaida, baada ya futari sikutoka nje, nikakaa sebuleni na watoto. Basi.

Alosto sasa, yaani ile hali ya mwili kudai fegi yake. Wasikudanganye, ipo, na siku ya pili na ya tatu ndo zenyewe. Unakuwa mkali kwa kitu kidogo, mteja anauliza simu inaisha lini unatamani umrushie. Mi kilichonichanganya zaidi ilikuwa mikono, inatetemeka, na kazi yangu ni kushika koleo dogo kwenye saketi ya simu, moyo unaenda mbio, usiku silali. Nikasema hii fegi itaniua kwa kuiacha. Kumbe nusu ya shida ilikuwa kahawa! Moshi wa sigara unalifanya ini liunguze kafeini haraka, ukiacha kuvuta ile kahawa inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo vikombe vyangu sita vya kijiweni na kashata vikawa kama kumi na mbili. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo, na watu wangapi wamerudi kwenye fegi wakidhani mwili umekataa kumbe ni kahawa chungu tu. Shuka mpaka vikombe viwili vitatu, mikono inatulia.

Na utakohoa. Wiki ya pili nilikohoa kuliko nilipokuwa navuta, mama watoto akataka nikapime TB. Ni mapafu yanajifagia, vile vinyweleo vya ndani vinaamka. Ikizidi wiki kadhaa au ukitoa damu, nenda hospitali, usilete ubishi.

Ile hamu yenyewe ikija haikai, dakika tatu, tano, inapita, shida ni kwamba inakuja na mkono mtupu. Kwa hiyo mkono upe kazi. Wengine wanatafuna karafuu, mi nilikuwa na mswaki wa mti mdomoni kutwa nzima kama mzee wa kijijini, na mihogo mibichi ya pilipili ya kwenye toroli, ile ndo ilinivusha kwa kweli. Kilo nne zimeongezeka, sawa tu.

Kuna bigijii za nikotini pia na zinasaidia, Shirika la Afya Duniani wameziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, ila jaribu kuziulizia famasi za mtaani. Mi nilizunguka tatu, ya kwanza wakanipa bigijii ya kawaida, ya pili wakacheka, ya tatu wanazo ila bei yake ningevuta mwezi. Fegi inapatikana kila baada ya nyumba tano na dawa yake mpaka uzunguke mji, hii nchi bwana. Ukizipata usizitafune kama bigijii, tafuna taratibu mpaka uhisi pilipili kisha ibane shavuni, ikipoa tafuna tena. Na usihamie kwenye kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, wala shisha ukasema umeacha. Shisha ilipigwa marufuku 2016 na bado watu wananiambia ni mvuke wa matunda.

Nilianguka mara moja, mwezi wa nne tangu niache, msibani. Tunakesha chini ya turubai, karata, kahawa, saa nane usiku mtu ananisogezea tu bila kuuliza, nikapokea. Nilivuta tatu. Pale ndo wengi wanaharibu, wanasema si nishavuta basi tena, asubuhi wananunua nyingine. Mi asubuhi nilipita uchochoro wa msikiti kama kawaida. Kanzu nililoweka mwenyewe kabla mama watoto hajaamka, jioni nikamkuta anaianua, akainusa kola akaniuliza tu, "Jana mmekesha na kina nani?"