Muue Mzazi Wake Kwanza

Mimi jamani siyo muuaji. Hata kuku wa sikukuu nashika miguu tu, kisu anashika jirani, na hapo uso nimegeuzia ukutani. Lakini tangu mpwa wangu aniwekee Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye mashine ya steshenari yangu, siku haiishi sijaua. Juzi niliua saba, na adhuhuri ilikuwa bado haijaadhiniwa.

Kompyuta yenyewe ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na umri wa mtoto wa darasa la saba. Zamani ulikuwa unaiwasha, unakwenda kunywa chai na vitumbua viwili, ukirudi bado inakutolea macho. Mpwa alipokuja likizo akafuta kila kitu, akaweka hiyo Linux, ikawa nyepesi kweli, sikatai. Shida ni pale inapoganda. Mimi dawa yangu ilikuwa moja tu: nachomoa waya ukutani. Akaniambia, "Mjomba, acha hayo mambo. Fungua taminali, mtafute aliyeganda, umuue peke yake, wenzake waendelee na kazi." Taminali ni dirisha jeusi, halina picha wala kitufe. Lina kimstari kinachopepesa, kinakusubiri useme shida yako, kama karani wa mahakama ya mwanzo.

Nikaandika ps aux kama alivyonielekeza, amri ya kuorodhesha kila programu inayofanya kazi. Lahaula! Mistari 200 na ushee. Mimi nimefungua vitu viwili, brauza na barua ya mzee mmoja anayefuatilia pensheni yake. Hawa wengine kawaalika nani? Kila mmoja ana namba yake, ana mwenyewe, ana asilimia ya RAM anayokula, na kundi zima majina yao yanaishia na d: systemd, sshd, cupsd. Nikapiga simu kuuliza hiyo d ni ya nini. "Daemon, Mjomba. Wanafanya kazi chinichini, hawaonekani, wanaamka wakiitwa." Sisi watu wa Tanga vitu vya namna hiyo tuna jina lake, na vina ada yake. Kijana akaniapia kwamba jina lilianzia chuo kikuu cha MIT huko Marekani miaka ya 1960, kwamba walilitoa kwenye fizikia na hakuna mganga aliyehusika. Nimekubali nusu. Maana huyo cupsd ndiye anayesimamia printa, na kwa jinsi printa yangu inavyotafuna karatasi za watu, nina mashaka.

Sasa kumtafuta mmoja katika hao 200 ndiyo kazi. Programu ya skana ilikuwa imekwama, nikaandika ps aux | grep scan, hiyo grep kazi yake ni kuchuja mistari yenye neno unalotaka. Ikaja na mtu mmoja, namba 4127. Nikasema leo umepatikana! Nikaandika kill 4127. Jibu: hakuna mtu huyo. Nikatafuta tena, yupo, ila sasa ni 4131. Nikaua, hayupo. Nikatafuta, 4136. Nikaanza kutokwa jasho, nikakumbuka ile d. Kumbe ile grep, ikipita kutafuta mwenye neno scan, inajiona yenyewe, maana neno hilo limo kwenye amri yake. Ni mgambo anayeandika kwenye ripoti: eneo la tukio nilimkuta mtu mmoja akimtafuta mhalifu. Ukija kumkamata, keshamaliza doria kaenda zake. Na skana yenyewe ilikuwa imejiandikisha kwa jina lingine kabisa! Mpwa akanifundisha kuandika grep [s]can, hayo mabano yanamfanya asijione. Nikamuuliza kwa nini asinifundishe hivyo tangu mwanzo. Akasema, "Lakini Mjomba, ipo pgrep, haina shida hizo." Watoto wa siku hizi wana adabu, ila wanakuchelewesha.

Halafu kuua kwenyewe siyo kuua. Ukiandika kill na namba, unatuma ishara ya 15, ambayo ni ombi: tafadhali kusanya vyombo vyako, funga mafaili yako, uondoke. Programu yenye malezi inaondoka. Isiyo na malezi inafanya kama shemeji yangu, aliyesema ataondoka Jumapili mwezi wa tatu, na hakutaja mwaka. Huyo ndiye unampiga 9. Ukiandika kill -9, mhusika hata haulizwi, anakatwa pale alipo na sentensi mdomoni. Mimi nilipoijua 9 niliipenda sana, nikawa naitumia kwa kila mtu, mpaka nilipoipiga programu ya kuandikia na barua ya pensheni ikiwa ndani, ukurasa wa pili, haijahifadhiwa. Mzee aliipokea habari hiyo kwa utulivu. Aliniambia amesubiri pensheni miaka mingi, barua atasubiri hadi saa kumi.

Na ipo amri nyingine inaitwa nice, ya kupanga upole wa programu, kuanzia -20 hadi 19. Namba ikipanda, programu inazidi kuwapisha wenzake. Mtu wa kawaida ukiamua kuipandisha, ruhusa unayo. Ukitaka kuishusha irudie ukali wake, unaambiwa huna mamlaka, mpaka mkubwa wa mashine. Nilipomweleza mke wangu, akasema hilo halina ajabu, ndoa iko hivyo.

Tuje kwenye juzi. Mashine imekuwa nzito, dukani wamejaa. Yupo dereva wa bodaboda anayejaziwa fomu ya leseni, yupo mama mmoja ameshika mtoto, anataka fotokopi ya cheti cha kuzaliwa. Nikaangalia orodha, namba 4388 ana herufi Z, na pembeni imeandikwa defunct. Nikampiga 9. Kompyuta haikulalamika. Nikaangalia, yupo. Nikampiga tena, yupo. Nikampigia mpwa, na simu yangu spika ya sikioni imekufa, kwa hiyo kila kitu ni loudspika.

"Mjomba, huyo ni zombi."

Duka zima kimya.

"Huwezi kumuua, amekwishakufa. Amebaki jina tu kwenye daftari, anamsubiri mzazi wake aje apokee taarifa ya kifo. Mwache, hali chochote."

"Simtaki kwenye duka langu!"

"Basi muue mzazi wake kwanza. Akifa mzazi, mtoto anakuwa yatima, anachukuliwa na namba 1. Yule ndiye anawazika wote."

Yule mama akamvuta mwanawe nyuma ya sketi. Dereva akavaa helmeti, humohumo ndani.

Nikaandika ps -o ppid= -p 4388, ikanipa namba ya mzazi. Nikaitazama ile namba, nikatazama foleni, nikaandika kill -9. Kioo kikawa cheusi. Kikawaka, kikaniomba nenosiri, kama ndiyo kwanza tunafahamiana. Brauza hakuna, fomu hakuna, barua hakuna.

"Mjomba, ulisoma jina la huyo mzazi?"

"Nilisoma namba."

"Huyo ndiye alikuwa anaendesha kioo chote, Mjomba. Dirisha zote zilikuwa chini yake."

Nikaingia upya. Zombi kweli hayupo, nisiseme uongo. Nikafungua brauza, nayo kwa hiari yake ikarudisha kila kilichokuwa wazi kabla ya msiba, na hapo ikasikika sauti ya mtangazaji: "Gooooli!" Kijana wangu wa kazi akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili. Nikaandika top, amri ya kuonesha nani anaitumikisha prosesa, nikabonyeza P kubwa ili mlafi aje juu: brauza, asilimia 130. Kila kiini cha prosesa kinahesabiwa 100 yake, ndiyo maana inavuka. Marehemu wa watu alikuwa hali kitu, kama alivyosema mpwa. Aliyekuwa anakula ni mpira.

Jana asubuhi mjumbe wetu wa shina akaja, kavaa kofia yake ya vikao. Akasema kuna mama amempelekea habari, humu ndani watu wanashauriana kwa simu kuua wazazi ili watoto wabaki yatima, na kuna mtu anaitwa Namba Moja anayefanya mazishi. Nikamkaribisha kiti, nikamwonesha orodha. Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akafika pa huyo namba 1.

"Na huyu ukimpiga hiyo tisa?"

"Hashtuki, mheshimiwa. Kiini cha mfumo kinamlinda, ishara inatupwa tu."

"Na yatima wote wanakuja kwake?"

"Wote."

Akavua miwani, akaikunja taratibu. "Na posho analipwa?"

Nikamwambia hakuna safu ya posho. Akasikitika sana, akatoa barua yake ya kurasa 3, akaomba fotokopi.