Mikorosho, salfa na hofu ya kilimo hai

Ukitaja kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia kemikali za viwandani, mbele ya mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba mkoani Mtwara aliyekula chumvi nyingi, atakujibu kwa kukutajia miaka ya 80. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka huku kusini. Mwishoni mwa miaka ya 80 zilikuwa hazifiki hata 30,000. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, ulivamia maua na machipukizi, mikorosho ikasimama mizima bila korosho. Mzee aliyeyaona hayo kwa macho yake, ukimwambia aache dawa, anasikia unamrudisha kwenye njaa.

Ni hofu ya haki. Kweli, ugonjwa haukuwa peke yake: watu walihamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali bila palizi, na bei ikawakatisha tamaa waliobaki. Lakini miti iliporudi kuhudumiwa ni salfa, unga wa manjano unaopulizwa mtini, iliyookoa maua yake. Na msimu wa 2024/25, baada ya miaka kadhaa ya pembejeo za ruzuku, nchi ilivuka tani 500,000. Anayetetea kilimo cha dawa ana ghala zilizojaa za kuonyesha.

Shida ni kwamba anachokipinga si kilimo hai. Salfa imo katika kilimo hai. Kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo hazina huruma na mtu, zinaiorodhesha miongoni mwa dawa zinazokubalika, kwa kuwa ni madini ya asili. Zinachokataa ni viuatilifu vya maji vya viwandani, vile vya kutibu ubwiriunga na vile vya kuua wadudu. Kwa hiyo mkulima wa Uwanda wa Makonde anayeamka alfajiri kuwahi umande, akapuliza unga wa salfa kabla upepo haujaanza, hajavunja kanuni yoyote. Tena juu ya uwanda ule, ambako maji ya kunywa yenyewe ni ya kutafuta, dawa isiyohitaji maji ina faida isiyohitaji maelezo.

Linalobaki ni mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi mpaka yanakauka kama yameunguzwa. Hapa ndipo kilimo hai kinadaiwa jibu, na jibu lipo mtini: maji moto, wale chungu wakali wanaoishi juu ya miti. Watafiti wa kituo cha Naliendele, pale nje kidogo ya Mtwara mjini, wameonyesha kwamba mkorosho wenye maji moto wengi huumizwa kidogo na mbu hao. Wenye miembe na michungwa huwachukia chungu hawa, na wana sababu, maana wao hupanda mtini kuchuma huku wakiumwa. Korosho haichumwi. Inaanguka na bibo lake, inaokotwa chini. Sijui zao jingine la kusini linaloweza kuishi na maji moto kwa amani kiasi hicho, na inanisikitisha kuona wakipuliziwa dawa ile ile inayomwua mbu. Si kazi nyepesi, nakubali. Maji moto hupigana na chungu wa ardhini, hupaswa kulindwa na pengine kuhamishwa kutoka mti hadi mti, na mwenye mashamba matatu yaliyotawanyika hana muda huo.

Kuhusu udongo, kambi zote mbili zimenyamaza, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kipimo kinachofahamika cha salfa ni robo kilo kwa mti kila raundi, hadi raundi tano kwa msimu. Hiyo ni kilo moja na robo kwa mti. Ekari iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ina miti kama 28, kwa hiyo inapokea kilo 35, karibu mfuko mmoja na nusu wa kilo 25. Salfa ikifika chini inageuzwa na vijidudu vya udongo kuwa tindikali, na kila kilo moja inahitaji kilo tatu za chokaa kuituliza. Kwa ekari hiyo ni zaidi ya kilo 100 za chokaa kwa msimu, na kwa misimu kumi ni zaidi ya tani nzima. Punguza hesabu hiyo upendavyo, kwa sababu unga mwingine hupeperushwa na kuna wasiopuliza raundi zote tano. Hata nusu yake ni kubwa kwa udongo wa kichanga wa Makonde, usio na mfinyanzi wa kutosha wa kuhimili uchachu. Mkorosho wenyewe huvumilia, na muhogo chini yake huvumilia. Karanga hazivumilii: udongo ukikosa kalisiamu zinatoa maganda matupu. Na chini ya mikorosho hiyo hiyo ndipo familia inapolima chakula.

Kwa hiyo hata cheti cha kilimo hai, kikiruhusu salfa na kuishia hapo, hakiponyi ardhi. Kinachoniegemeza upande huu ni kwamba kilimo hai kinamlazimisha mtu aulize udongo umepata nini: mbaazi katikati ya mistari, magugu yaachwe yaoze badala ya kuchomwa, samadi kwa mwenye mbuzi (ng'ombe kusini walizuiwa na mbung'o kwa vizazi). Wako wanaojisifu kwamba tayari tunalima hivyo, eti kwa sababu ufuta wa Lindi haujui mbolea ya dukani. Hapana. Shamba la ufuta la Liwale au Kilwa likichoka, linafyekwa pori jingine. Hapo mtetezi wa mbolea ana neno la kusikilizwa, kwamba mifuko michache ingeuacha msitu umesimama.

Kwenye soko, kilimo hai kinashindwa waziwazi. Tangu 2007/08 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, na ghala linatenganisha madaraja, halitenganishi shamba la maji moto na shamba la viuatilifu. Korosho za mkulima aliyejinyima dawa zinaingia lundo moja na za jirani yake na kunadiwa kwa bei moja. Akiuza pembeni, hiyo ni kangomba, biashara ya magendo. Cheti cha Ulaya kwa mti wa kudumu kinataka miaka mitatu ya kungoja, na kikundi cha wakulima hakiruhusiwi kuzidi watu 2,000. Wakati huo huo sehemu kubwa ya korosho zetu inapakiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam.

Kwa sababu hiyo nisingemshawishi mkulima akimbilie cheti msimu huu. Ningependa AMCOS chache, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, ziruhusiwe kutenga lundo lao ghalani na kulinadi peke yake, mnunuzi aseme anathamini nini. Na chokaa iingie kwenye orodha ya pembejeo za ruzuku pamoja na salfa, imfikie mkulima kabla ya mvua za Desemba. Malighafi haiko mbali: mawe ya chokaa ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji cha hapa hapa Mtwara.