Milioni 3 niiandike wapi?

Nimefanya kazi za uhasibu hapa Kariakoo muda sasa, ofisi yangu ni meza moja na feni kwenye chumba cha juu, na kila watu wakianza kuongelea maadili kwenye kodi naona wanawaza mabwana wakubwa na makampuni ya nje. Sawa, hayo yapo. Ila mimi yaliyoninyima usingizi ni ya mama mmoja wa vitenge, mitaa ya Kongo huko.

Huyu mama alikadiriwa kodi ya milioni 54 za miaka mitatu. Mimi kwa vitabu vyangu, nimepiga hesabu mara mbili tatu, alikuwa anadaiwa 11. Haya, tukate pingamizi, siku 30 unazo. Lakini sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inataka kabla pingamizi halijapokelewa ulipe kile usichobishia au theluthi moja ya makadirio, inayozidi ndo hiyo. Theluthi ya 54 ni 18. Yaani kodi yake yote ni 11 halafu ili asikilizwe tu aweke 18 mezani! Unaweza kumwandikia Kamishna wa kodi akupunguzie au akusamehe, na mimi niliandika, ila wakati unasubiri jibu kontena nalo lipo bandarini na linataka hela.

Hapo ndo akatokea kishoka, wale wa kumaliza mambo kwa njia za pembeni, mjini hapa hawakosekani. Kasema ana watu wake, milioni 3 na jambo linaisha.

Mama ananiuliza, "Mwanangu, wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?" Nikamwambia mama hiyo ni rushwa, ikibumburuka tunaenda wote. Akanijibu ya dhuluma umeiona ila ya rushwa ndo unaiogopa. Sikuwa na jibu. Nilisema naenda kununua maji, nikashuka ngazi, nikakaa chini kwenye duka la mtu kama nusu saa hivi. Niliporudi wameshamalizana. Sijajitoa kwenye lawama, nilijua kabisa yale maji ni ya nini.

Sasa kabla hujasema maofisa wote wezi, kaa upande wao kidogo. Ofisa ana lengo la makusanyo la mwezi. Akikagua vitabu akakuta viko safi akaandika hakuna cha kuongeza, wenzake watasema huyu kashakula. Akiongeza chumvi hakuna anayemshuku. Yaani uaminifu wake ndo unaoonekana kama wizi, kwa hiyo anakadiria juu ili mje mshushane, kama bei ya viatu vile. Wafanyabiashara walipofunga maduka Mei 2023 hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja kuongea nao Mnazi Mmoja, kulikuwa na mengi, ila hili la kukadiriwa na kusumbuliwa lilikuwemo.

Na sisi wanunuzi tusijifanye malaika. Unaambiwa laki bila risiti, ukitaka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, laki na elfu 18, unafanyaje? Kutodai risiti nako ni kosa kisheria, lakini nimeona mpaka wahasibu wenzangu wanachukua ya laki (sisemi mimi sijawahi).

Maoni yangu ni kwamba hiyo theluthi ndo inayomlisha kishoka. Iondoeni kwa wafanyabiashara wadogo, au mtu alipe tu kile anachokikubali, hicho kingine kisubiri uamuzi. Semina za maadili tumekaa sana, chai tumekunywa, ila hesabu ya 18 kwa 3 inafanywa na mtu yeyote hata hajasoma.

Kilichonichosha zaidi kilikuja mwisho wa mwaka. Nafunga hesabu, naona milioni 3 imetoka benki, haina risiti wala maelezo. Mama anasema andika usafiri. Nikakataa, hapo angalau nilikataa, nikaiweka matumizi binafsi ya mwenye biashara, maana yake haipunguzi faida, kodi inapigwa kama kawaida. Mama kaangalia karatasi, kavua miwani.

"Kwa hiyo hata hii nakatwa kodi?"

"Ndiyo mama."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge.