Kununua nyumba kuukuu Dar, kuikarabati na kuiuza: faida iko wapi hasa?

Siku hizi kila mwenye milioni mia na kidogo anaota kununua nyumba ya zamani Sinza au Kijitonyama, apige rangi, gypsum, madirisha ya aluminium, auze. Sio wazo baya. Kuna watu wa mishahara hawataki kabisa presha za mafundi, wanataka kuingia na magodoro tu, na hao wanalipa vizuri.

Ila tupige hesabu kidogo. Tuseme umenunua 120m, ukatia 35m, ukauza 175m. Unaona 20 mkononi eeh? Dalali akichukua asilimia 5 hapo kaondoka na 8.75. TRA (mamlaka ya mapato) wanataka asilimia 10 ya faida, na hapa ndo watu wanaumia maana fundi wako hana risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), mchanga na kokoto umenunua kwa mdomo, sasa zile 35 unazithibitishaje? Wasipozikubali faida yako kwenye makaratasi ni 55, kodi 5.5, umebaki na milioni 5 na ushee kwa miezi nane ya kugombana na fundi bomba. Na hapo ukuta haujaanza kutoa chumvi. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi, unapiga rangi leo inang'aa, masika ikija inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, mnunuzi anapitisha kidole tu anashusha bei.

Mi naona pesa ya kweli iko kwenye karatasi. Nyumba ya mirathi ambayo ndugu watano hawajaelewana, au mume anauza mke hajasaini (Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa yake kwenye nyumba ya familia), hizo zinauzwa bei ya kutupa. Ukiwa na subira ya kukaa nao mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na hati itoke, umeongeza thamani kuliko tiles zozote, kwa sababu anayenunua kwa mkopo wa benki anauliza hati kabla hajaona jiko. Shida ni muda, kesi inaweza kukulia miaka na hela yako imelala pale.

Jamaa yangu alibadilisha jiko zima na masinki mapya. Aliyeinunua nyumba alileta kijiko, ile mashine ya kubomolea, wiki ya pili, akavunja yote, akabakiza kisima.